Umeme ukikatika, sauti inabaki wapi? Kazi ya memori ya flashi ndani ya sampla

Mpiga piano wa kwaya ametayarisha juma nzima. Amekata mlio wa ngoma kutoka kaseti ya zamani, amerekodi makofi ya wamama, tena ameweka sauti ya mzee mmoja anayeanzisha wimbo kwa lugha ya kijiji. Yote iko kwa vitufe vya sampla yake: kidole kikigusa, sauti inatoka. Siku ya Mungu asubuhi, kabla kwaya haijasimama, umeme unakatika. Kijana anakimbia kuwasha grupu. Kisha dakika tano taa zinarudi, spika zinanguruma, piano inaitika. Mpiga piano anagusa kitufe cha kwanza: kimya. Cha pili: kimya. Mashini haijaharibika. Imesahau tu.

Jambo la namna hii linajulikana na wengi wanaofanya kazi ya sauti huku Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, hata wale ambao hawajagusa sampla siku moja. Anayefanya montaji kwa ordinatere naye amepoteza kazi ya asubuhi nzima kwa sababu umeme ulienda kabla hajaihifadhi. Sababu ni moja, na dawa yake ni moja. Ili kuielewa, lazima kujua kwamba ndani ya mashini kuko memori za aina mbili, na kwamba haziko na tabia moja.

Sampla ni mashini gani?

Sampla ni mashini inayokamata kipande cha sauti, kukiweka kwa kitufe, na kukitoa tena kila mara kitufe kinapoguswa. Haitungi sauti yake yenyewe. Inarudisha ile iliyosikia, na mwenye kuitumia anaweza kuipandisha, kuishusha, kuikata ao kuigeuza nyuma mbele. Wapiga rap wa Marekani ndio waliifanya ijulikane duniani, wakichukua vipande vya sahani za muziki wa zamani na kutengeneza midundo mipya. Lakini kazi zake ni nyingi. Redio inaweza kuitumia kwa jenerike na matangazo mafupi, kikundi cha mchezo wa kuigiza kwa mlio wa mvua, mlango ao pikipiki, kanisa kwa ngoma na makofi.

Ndani ya mashini, sauti inageuzwa kuwa hesabu. Kwa kiwango cha CD, mashini inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinachukua baiti 2. Sekunde moja ya sauti ya upande mmoja inakula baiti 88,200. Ya pande mbili, yaani stereo, inakula baiti 176,400. Dakika moja ya stereo inafika karibu mega 10 na nusu. Ni mega zilezile ambazo kila mtu ananunua kwa telefone yake, na kama vile kwa telefone, zinaisha haraka kuliko mtu anavyofikiri.

Meza ya sokoni na depo

Memori ya kwanza inaitwa RAM. Hii ndiyo memori ya kazi. Iko haraka sana, na katika sampla nyingi ndiyo kitufe kinachukua sauti ndani yake bila kuchelewa hata kidogo. Lakini RAM inashika mambo wakati umeme unapita tu. Umeme ukikatika, hata kwa nukta chache, yote iliyokuwa ndani inafutika.

Memori ya pili ni ile ya kuhifadhi: zamani ilikuwa disketi, kisha diski ngumu, leo ni flashi. Hii haihitaji umeme ili kukumbuka.

Mfano mzuri ni mama anayeuza sokoni. Asubuhi anatoa vitu kwa depo na kuvipanga juu ya meza, sababu mteja hawezi kungojea aende depo kila mara kuchukua kilo moja ya maharagi. Meza ni RAM: kila kitu kiko karibu na mkono. Depo ni flashi: kunafungwa, kunalindwa. Mvua kubwa ikianguka kwa gafla, ile iliyokuwa juu ya meza inaloa na kuchukuliwa na maji. Ile iliyokuwa depo inabaki. Mpiga piano wa siku ya Mungu alikuwa amepanga bidhaa zote juu ya meza bila kuacha kitu depo.

Wakati wa disketi

Miaka ya 1980 ile meza ilikuwa ndogo sana. Sampla E-mu SP-1200, iliyotoka Marekani mwaka 1987, ilishika karibu sekunde 10 za sauti kwa jumla. Mwaka 1988 kampuni Akai ya Japani ilitoa MPC60, mashini ambayo Mmarekani Roger Linn alibuni. Zote mbili zilihifadhi kazi kwa disketi. Aliyesahau kuweka kazi yake kwa disketi kabla ya kuzima mashini, alianza upya.

Miaka kumi hivi kisha, Akai MPC2000 ilitoka na RAM ya mega 2, na mtu aliweza kuiongeza hadi mega 32. Hapo ndipo shida ya disketi ilionekana wazi. Disketi moja inabeba mega 1.44, yaani sekunde 16 hivi za sauti ya upande mmoja. Ili kujaza mega 32 inaomba disketi 23. Na disketi haiwezi kukimbia: inazunguka mara 5 kila sekunde, na iko na njia 160 za kusoma, hivi kuisoma yote inachukua zaidi ya nusu dakika. Hata mwenye mikono myepesi, akibadilisha moja kisha nyingine, atamaliza zaidi ya dakika 12 mbele ya watu wanaongojea muziki. Umeme ukikatika dakika ya 11, anaanza tena kwa disketi ya kwanza.

Kuko waliofunga diski ngumu kwa nje. Ilisaidia, lakini diski ngumu iko na sahani inayozunguka ndani na kichwa kinachopita karibu kabisa na ile sahani. Kuibeba juu ya barabara mbaya na kuitikisa kila siku si jambo la kujaribu.

Flashi inaingia

Flashi ilizaliwa Japani. Mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni Toshiba aliionyesha mbele ya wataalamu mwaka 1984, na mwaka 1987 ikaja ile aina inayoitwa NAND, ambayo leo iko ndani ya kadi za telefone, flashi za USB na sampla. Jina lilitoka kwa mwenzake wa kazi: namna memori hii inafutika kwa mara moja ilimkumbusha mwangaza wa flashi ya kamera.

Wakati wa miaka ya 1990, Akai iliuza ubao wa flashi wa mega 8 wa kufunga ndani ya baadhi ya sampla zake. Mega 8 ni sekunde 95 hivi za sauti ya upande mmoja, kitu kidogo. Lakini faida yake ilikuwa kubwa: ukiwasha mashini, sauti ziko pale. Hakuna disketi, hakuna kungojea. Mpiga muziki aliweka humo zile sauti anazotumia kila siku, na zingine alizipakia kwa wakati wake.

Kisha zikaja kadi za kutoa na kuingiza. Sampla ndogo SP-303 ya Boss, tawi la kampuni Roland, ilitumia kadi nyembamba za SmartMedia. Ni kwa hiyo mashini ndogo, pamoja na kicheza sahani na kaseti, Mmarekani Madlib alitengeneza baadhi ya midundo ya albamu Madvillainy ya 2004, akiwa ndani ya chumba cha hoteli kule São Paulo, Brazil. Studio nzima ilienea juu ya meza ya hoteli.

Akai MPC1000 ilileta kadi ya CompactFlash mahali pa disketi, na RAM ya mega 16 ambayo mtu aliweza kuipandisha hadi 128. Roland SP-404SX inatumia kadi ya SD, hadi giga 32. Ile iliyofuata, SP-404MKII ya mwaka 2021, iko na giga 16 za flashi ndani yake mwenyewe, na kadi ya SD inabaki kwa kazi ya kuleta sauti na kutoa nakala. Giga 16 kwa kiwango cha CD ni karibu saa 25 za stereo. Kutoka sekunde 10 hadi saa 25: hiyo ndiyo safari ya miaka 34.

Mashini hizi za SP-404 ziko na jambo lingine la maana kwa eneo ambako umeme unakuja na kwenda: zinaweza kutembea na mawe sita madogo ya radio, aina ya AA. Umeme ukikatika, mashini haijui.

Flashi inakumbuka namna gani?

Ndani ya kadi kuko mamilioni na mamilioni ya vyumba vidogo ambavyo jicho haliwezi kuona. Kila chumba kiko kama bidoni iliyofungwa pande zote, bila kifuniko. Ili kuandika, mashini inasukuma chembe za umeme kwa nguvu hadi zinapenya ukuta na kuingia ndani. Nguvu ikiondoka, ukuta unazizuia. Zinabaki pale miaka, hata kadi ikiwa ndani ya mfuko wa suruali. Kusoma ni kuangalia tu kama bidoni imejaa ao iko tupu.

Kutoka kwa picha hii, mambo matatu yanaeleweka.

La kwanza: kuandika kunachukua muda kuliko kusoma. Tena flashi haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani. Lazima kwanza ifute kundi zima la vyumba kwa pamoja, kisha iandike upya. Ndiyo maana mashini inaonyesha ujumbe wa kungoja, ao taa inapepesa, hata kama sauti iko fupi. Anayetoa kadi wakati huo anaiacha kazi katikati. Mara nyingi haharibu ile sauti moja tu. Anaharibu orodha inayoonyesha sauti zote ziko wapi, na kadi nzima inaonekana kama tupu.

La pili: ukuta unachoka. Kila kujaza na kufuta kunaukula kidogo. Flashi ya zamani ya bei kali iliweza kuvumilia kufutwa mara 100,000 hivi. Zile za bei nafuu za leo zinahesabiwa kwa elfu chache, zingine elfu moja. Sababu yake: ili kubana giga nyingi mahali padogo, chumba kimoja hakisomwi tena kuwa kimejaa ao kiko tupu. Kinapimwa kwa viwango 8, kama bidoni yenye alama ubavuni. Umeme kidogo ukivuja, alama ya tano inasomwa kuwa ya nne. Kwa sampla hii si shida ya kila siku, kwa sababu kupiga sauti ni kusoma, na kusoma hakuchoshi ukuta kama kuandika. Lakini kadi ambayo imetumika miaka katika kamera ama telefone, ikifutwa kila siku, si ya kuwekea kazi ya maana.

La tatu: joto linaharakisha kuvuja. Kadi inayoachwa juu ya dashibodi ya gari chini ya jua, ao juu ya amplifika inayochemka, inapoteza nguvu mbele ya wakati wake.

Haraka kiasi gani?

Juu ya kadi za SD kuko namba ndani ya alama ya C. C4 inamaanisha kadi inaandika si chini ya mega 4 kila sekunde. C10, mega 10. Zile mega 32 ambazo disketi 23 zilibeba kwa zaidi ya dakika 12, kadi ya C10 inaziandika kwa sekunde tatu ao nne, ikiwa mashini yenyewe inaweza kwenda mwendo huo. Mashini za zamani haziwezi, hata zikipewa kadi ya bei kali. Kwa hiyo si lazima kukimbilia kadi ya mwendo mkubwa kuliko yote. Inafaa kadi ambayo mashini inakubali.

Hapo wengi wanakosea. Sampla inayoandikwa kuwa inafika giga 32 haitaelewa kadi ya giga 128, sababu kadi za zaidi ya giga 32 zinapangwa kwa namna nyingine. Kadi haina makosa, mashini haina makosa, lakini hazisikilizani. Na kadi mpya inafaa kufomatiwa ndani ya sampla yenyewe mbele ya kuanza kazi, si kwa telefone.

Wenye sampla za zamani za disketi nao hawajafungiwa mlango. Kuko kifaa kidogo kinachoitwa Gotek, kinachofungwa mahali pa kisomaji cha disketi na kupokea flashi ya USB. Sampla inafikiri inasoma disketi, kumbe inasoma flashi. Mwendo unabaki ule wa disketi, lakini flashi moja inabeba disketi nyingi sana, na hakuna tena disketi ya kushika ukungu.

Kadi za uongo

Hatari kubwa kuliko kuchoka kwa kadi inatoka sokoni. Kuko kadi zinazoandikwa giga 64 lakini ndani ziko na giga 8 tu. Walioitengeneza wamebadilisha ile chipu inayoongoza kadi, ili ijibu uongo kila mashini inapoiuliza ukubwa wake. Giga za kwanza zinaingia vizuri. Kisha sauti mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani, ao zinapotea bila neno lolote. Jina la faili linaonekana, ukigusa hakuna kitu.

Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, hiyo ni alama ya kwanza. Dawa ni kupima mbele ya kuamini. Kwa ordinatere ya Windows kuko programu ya bure H2testw; kwa Linux kuko F3. Zinajaza kadi yote, kisha zinasoma tena na kusema kama kila kitu kimerudi sawa. Asiye na programu anaweza kujaza kadi kwa faili za sauti hadi mwisho, kuitoa, kuirudisha, na kusikiliza zile za kwanza, za katikati na za mwisho. Inachukua saa kadhaa. Ni afadhali kuzipoteza mapema kuliko kuipoteza kazi.

Mambo ya kufanya

Flashi haihifadhi kitu ambacho hakijawekwa ndani yake. Katika sampla ya aina ya MPC1000, sauti iliyorekodiwa sasa hivi bado iko juu ya meza, ndani ya RAM. Kadi inaweza kuwa imeingia vizuri, mpya kabisa, na umeme ukikatika sauti ile inapotea bado. Lazima mwenye mashini aagize kuhifadhi. Wenye uzoefu wanashika desturi hii: kila sauti inayopendeza inahifadhiwa papo hapo, mbele ya kuikata ama kuipamba.

Zaidi ya hiyo, kanuni zenyewe ni chache:

Kuzima mashini kwanza, ama kungoja taa ya kadi izimike, ndipo kutoa kadi.

Kuweka kazi pamoja na sauti zake. Katika mashini nyingi, mpango wa midundo na sauti zenyewe ni faili mbalimbali. Anayehifadhi mpango bila sauti atakuta nyumba yenye milango bila watu ndani.

Kuandika jina linaloeleweka. Kisha miaka miwili hakuna anayekumbuka faili namba 0047 ni nini.

Kuwa na nakala mbili za kila kitu, na kuziweka mahali mbalimbali. Kadi moja ndani ya mashini, nyingine ndani ya sanduku, na tena nakala kwa ordinatere ya mtu mwingine. Kadi ya SD iko ndogo. Inaanguka, inaibiwa, inafuliwa pamoja na suruali. Watu wanaolazimika kuhama nyumba kwa gafla hawabebi studio, lakini kadi moja inaweza kutoka nao.

Kuiwasha mashini na kusikiliza zile nakala mara moja moja, angalau kila mwaka, na kuziandika upya kwa kadi mpya wakati zinaanza kuzeeka.

Juu ya nini kujisumbua hivi?

Mlio wa ngoma ya kununua unaweza kupatikana tena. Ile makofi ya wamama wataipiga tena siku ya posho, wakicheka kidogo. Lakini sauti ya yule mzee ni jambo lingine. Kama alirekodiwa mara moja, kijijini ambako leo watu wamehama, na kama wimbo ule hakuna mwingine anayeujua mwanzo wake, basi sekunde zake nane ndizo zote zilizobaki. Kwa stereo, sekunde nane ni chini ya mega moja na nusu. Zinaenea kwa disketi moja ya zamani, na ndani ya kadi ya giga 32 haziwezi hata kuonekana.

Mafasi haikosekani tena. Kinachobaki ni mkono wa mtu: kugusa kile kitufe cha kuhifadhi mbele ya umeme kukatika, na jioni ileile kutoa nakala ya pili.